Kishikio cha kikombe kilichowekwa nyuma ya kiwiko

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Mbeya na kazi zangu hunipeleka Kyela karibu kila wiki. Mwaka huu nimenunua Mazda Roadster ya mwaka 2016, ya gia za mkono, iliyotumika Japani. Gari nalipenda sana, ila vishikio vyake vya vikombe viko nyuma, katikati ya viti viwili. Wiki mbili zilizopita nikiwa nashuka kutoka Tukuyu chai ya maziwa ilimwagikia kiti na konso yote ya kati. Je, watengenezaji wa magari ya michezo husahau kwamba dereva naye hunywa? Na je, nifunge kile kishikio cha kuning'iniza kwenye tundu la hewa, ambacho nimekiona kinauzwa Mwanjelwa, au nimwambie fundi anitobolee tundu jipya kwenye konso?

Jibu: Marahaba, ndugu msomaji, na pole kwa chai na kiti. Hukutaja ulikuwa gia ya ngapi jambo hilo lilipotokea, lakini nakisia kwamba ulikuwa unatoka ya tatu kurudi ya pili ili injini isaidie kulizuia gari kwenye mteremko. Jaribu gari likiwa limesimama na injini imezimwa: kanyaga klachi, kisha pitisha gia zote taratibu. Ya kwanza, ya tatu na ya tano husukumwa mbele kuelekea dashibodi, na ya pili, ya nne na ya sita huvutwa nyuma. Kila unapovuta mkono wa gia nyuma, kiwiko cha kushoto nacho hurudi nyuma, na kwa mtu mzima aliyekaa kwenye kiti cha chini namna ile, kiwiko hicho hufika palepale vilipowekwa vile vishikio viwili. Kwa maoni yangu chai yako haikuangushwa na kona. Iligongwa na kiwiko, na kona ikaja kumalizia kazi iliyokwisha kuanza.

Nimeanza na kiwiko kwa sababu hapo ndipo ninapoutofautisha ubaya wa kishikio na kutokuwapo kwake. Gari lisilo na kishikio kabisa humlazimisha dereva afunge chupa yake vizuri na kuiweka mlangoni au kumpa abiria, naye husafiri akijua kwamba kinywaji hakina mahali. Gari lenye kishikio kibaya humpa moyo wa kuacha kikombe wazi huku mwendo ukiendelea, akiamini kwamba kuna kitu kimekishika. Ninafanya kazi ya ndani ya magari, yaani viti, dashibodi na konso, na ninapofungua konso iliyolowa vinywaji, mara nyingi hukuta kishikio kipo, tena kizima, na mwenye gari anashangaa kwa nini hakikufanya kazi yake.

Sasa swali lako la kwanza. Hawasahau, wanashindwa kupata nafasi, na katika kugombania nafasi kikombe ndicho cha kwanza kuondolewa. Roadster yako ina injini mbele na inasukumwa na magurudumu ya nyuma, hivyo katikati ya dereva na abiria hupita gia boksi na propela shafti ndani ya handaki la bati ambalo haliwezi kupunguzwa. Juu ya handaki hilo mkono wa gia lazima ukae pale kiganja kinaposhukia kutoka kwenye usukani, na jirani yake lazima iwepo breki ya mkono. Gari zima lina urefu usiofika mita nne, uzito wake ni kama tani moja, na mtu anakalishwa chini sana, karibu sawa na kimo cha handaki lenyewe. Ukishaweka vitu hivyo vyote, nafasi inayobaki ni ile ya nyuma ya viwiko. Hata droo ya dashibodi upande wa abiria haimo. Badala yake wameweka kisanduku chenye kufuli nyuma, katikati ya viti, na mbele ya kisanduku hicho ndipo vishikio vyako vinapochomekwa.

Zingatia neno hilo, vinachomekwa. Vishikio vya Roadster ya kizazi hiki, kilichoanza kutengenezwa mwaka 2015, hutoka vyote viwili, na kimoja kinaweza kuhamishiwa mbele, ubavuni mwa konso, karibu na mguu wa abiria. Mimi naisoma hiyo kama kazi ya mtu aliyejua kwamba anaweka kitu mahali pasipofaa, akaona afadhali kiweze kuondolewa. Watu wengi wanaoleta magari haya kutoka Japani hawaambiwi habari hiyo, kwa kuwa kitabu cha maelekezo kilichomo ndani kimeandikwa kwa Kijapani. Ukitaka kutafuta maelekezo au vipuri, kumbuka kwamba gari hilohilo huuzwa kwa jina la MX-5 Ulaya na Miata Marekani.

Kishikio chenyewe si kitu cha zamani sana. Marekani ya miaka ya 1950, wakati ule watu walipokuwa wakiletewa chakula wakiwa ndani ya gari lililosimama, magari mengi yalikuwa na mifuniko ya droo za dashibodi yenye vishimo viwili vya duara, vifupi kama kisahani. Ukiufungua mfuniko unakuwa meza ndogo, na gari likianza kutembea unaufunga. Hapakuwa na ahadi yoyote ya kunywa njiani. Kishikio cha kuzamisha kikombe kilipata umaarufu pale kampuni ya Chrysler ilipotoa magari yake ya familia mwishoni mwa mwaka 1983, na baada ya hapo wanunuzi wa Marekani wakaanza kuvihesabu vishikio kama wanavyohesabu viti. Magari ya michezo yalichelewa. Mwaka 1992, katika mji wa Albuquerque, bibi mmoja wa miaka 79 alikuwa abiria kwenye Ford Probe ya mwaka 1989, gari lenye umbo la kimichezo, ambalo halikuwa na kishikio hata kimoja na dashibodi yake ilikuwa na mteremko. Mjukuu wake alisimamisha gari ili bibi atie sukari kwenye kahawa. Bibi, akiwa hana pa kuiweka, aliibana kati ya magoti na kuvuta kifuniko, kahawa ikammwagikia, na majeraha yake yalikuwa makubwa kiasi cha kuhitaji kupandikizwa ngozi. Kesi aliyofungua dhidi ya wauzaji wa kahawa hiyo ilijulikana dunia nzima, na watu walibishana sana juu ya joto lake, lililokuwa kati ya nyuzi 82 na 88, lakini wachache waliuliza kuhusu gari. Kumbuka tu kwamba hapa Mbeya, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 takriban, kwa hiyo chai iliyotoka sasa hivi kwenye birika la mama lishe ni ya moto kuliko kahawa ile.

Nije kwenye kona, maana hapo ndipo hesabu inaposaidia kuliko mazoea. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 60, ukiipita kwa kilomita 50 kwa saa, hukisukuma kila kilichomo ndani ya gari kwenda pembeni kwa nguvu inayofikia theluthi moja ya uzito wake. Chupa ya maji ya nusu lita, iliyojaa, ina upana wa sentimita 6.5 hivi, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita tisa au kumi kutoka chini. Ukiisimamisha bila kuishika, huanza kuanguka kwenye nguvu hiyohiyo ya theluthi moja. Maana yake ni kwamba kona ya kawaida kabisa, kwa mwendo ambao hata trafiki hawezi kukusimamisha kwa ajili yake, inatosha kuilaza. Gari lako limetengenezwa ili liweze kupita kona kwa nguvu inayokaribia uzito wote, yaani karibu mara tatu ya hiyo, na breki za ghafla hufika huko pia. Ni kichekesho kwamba gari lenye uwezo mkubwa zaidi wa kurusha kikombe ndilo lililopewa kishikio dhaifu zaidi.

Tena kuanguka si jambo pekee. Hata kikombe kikishikwa imara kama kimepigiwa misumari, kinywaji chenyewe hupanda ukingo. Kwenye nguvu ya nusu ya uzito, uso wa chai huinama kiasi kwamba katika kikombe cha upana wa sentimita nane, upande mmoja hupanda sentimita mbili. Nilijaribu hivyo siku moja na kikombe cha bati nilichokifunga kwa kamba kwenye sakafu ya gari la mteja, tukizunguka kwenye uwanja mtupu. Nilipokijaza hadi kubaki sentimita moja, kilimwaga tulipozunguka mara ya kwanza. Nilipokijaza nusu, hakikumwaga tone hadi tukaanza kusikia vichefuchefu sisi wenyewe. Kwa hiyo mtu anayekuuzia kishikio na kukuambia kwamba hakimwagi kabisa, muulize anazungumzia kikombe chenye kifuniko au kisicho nacho.

Kuna jambo lingine linalowahusu wasafiri wa njia yako, ambalo sijaona mtengenezaji akilifikiria, na sidhani kama inampasa. Ukijaza chupa ya plastiki Kyela, karibu na mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, ukaifunga na kupanda nayo hadi Uyole, hewa iliyofungiwa ndani hutanuka na chupa huwa ngumu. Kama uliisukuma kwa nguvu kwenye kishikio chembamba, utaivuta hadi kishikio kitoke pamoja nayo. Ukienda kinyume, chupa iliyofungwa Uyole huminywa na kulegea ukifika Kyela, ikaanza kugonga ndani ya kishikio kilichokuwa kikiishika vizuri asubuhi. Na ile chupa ya chuma yenye kifuniko cha kubofya, iliyofungwa Kyela ikiwa imejaa nusu, ifungulie mbali na uso utakapofika juu.

Usidhani kwamba Mazda peke yao ndio waliokwama. Porsche 911 ya kizazi cha 997, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, ina mikono miwili myembamba iliyofichwa nyuma ya ukanda wa dashibodi mbele ya abiria. Ukibonyeza hujitokeza, na ukiirudisha huwezi kujua kama ipo. Kama kazi ya ufundi naipenda mno. Kama mahali pa kinywaji, naona wamekining'iniza kikombe juu ya mapaja ya abiria na kumlazimisha dereva anyooshe mkono kupita katikati ya gari. Toyota 86 ya kwanza, ya mwaka 2012, ina kisanduku cha vishikio kinachotolewa, lakini nacho kimekaa baina ya viti, mahali ambapo kiwiko hufika, kwa hiyo ndugu zako wenye 86 wana ugonjwa uleule. Kuhusu starehe nyingine nitapita haraka. Honda S2000 waliificha redio nyuma ya kibao cha chuma. Nissan Fairlady Z ya mwaka 2002 waliipa sanduku la makaratasi nyuma ya kiti cha abiria, na siku utakaposimamishwa Igawa na kuombwa bima, utajipinda kama mtu anayekuna mgongo huku askari akisubiri. Roadster yako nayo itakupinda vivyo hivyo, hivyo makaratasi ya mara kwa mara yaweke mfuko wa shati.

Kabla ya kishikio, shughulikia kwanza chai iliyokwisha kumwagika, kwa sababu wiki mbili zimeshapita. Chai ya maziwa yenye sukari haikauki ikaisha. Hupita kwenye kigozi cha gia na kwenye nyufa za konso, ikatulia juu ya handaki la bati, ikaganda kama gundi, kisha maziwa yakaanza kuchacha. Niliwahi kufungua konso ya namna hiyo nikakuta sisimizi wamejipanga kutoka chini ya zulia la abiria hadi kwenye soketi za waya, mstari mmoja usiokatika, wakifuata sukari. Wadudu ni usumbufu tu. Wasiwasi wangu uko kwenye kompyuta ya ea begi, ambayo katika magari mengi hufungwa juu ya handaki hilohilo chini ya konso. Taa ya ea begi ikiwaka kwenye dashibodi, usisubiri. Hata kama haijawaka, konso itolewe, zulia linyanyuliwe, sehemu zote zifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, kisha zikaushwe vizuri kabla ya kurudishiwa. Fundi aondoe waya wa betri kwanza na kusubiri dakika kadhaa, na soketi za rangi ya njano asiziguse hovyo, maana hizo ndizo za ea begi. Ukiona anaanza kuvuta waya huku swichi ikiwa imewashwa, mshukuru na uondoke na gari lako.

Kile kishikio cha kuning'iniza kwenye tundu la hewa sikushauri. Matundu ya Roadster ni ya duara na vibao vyake ni vya plastiki nyembamba iliyotengenezwa kubeba upepo, na chupa ya nusu lita ina uzito wa nusu kilo hata kabla hujafika kwenye tuta. Gari likirukia tuta, uzito huo huongezeka mara mbili au zaidi kwa muda mfupi, na kibao kimoja kikivunjika, katika gari hili hununui kibao, unanunua tundu zima. Aidha, asubuhi za Juni na Julai, ukiwasha hita kwa sababu ya baridi ya huku kwetu, utakuwa unapasha moto soda yako na kuziba joto la vidole vyako kwa wakati mmoja. Katika gari lenye matundu makubwa ya mraba huenda kikavumilika kwa kikopo cha soda. Katika hili, hapana.

Kutoboa konso ndiko kunakonitia hofu zaidi. Mteja mmoja aliniletea gari ambalo fundi mwingine alikuwa amelikata tundu zuri sana la duara kwa msumeno wa mviringo, limesuguliwa kingo, limevishwa ukanda wa ngozi, kazi ya kupendeza kwa macho. Chini yake alikuwa amegusa fungu la waya, na gari likawa linazimika taa za ndani kila lilipopita kwenye makorongo. Tulitumia siku mbili kutafuta waya mmoja uliochubuka. Kwenye Roadster, chini ya konso ile huna nafasi ya kuzamisha kikombe hata ukipenda, kwa sababu handaki liko karibu sana. Ungeishia na kishimo kifupi cha sentimita tatu au nne, yaani ungerudi kwenye mfuniko wa droo wa miaka ya 1950, tofauti ikiwa kwamba wao waliufunga gari lilipoanza kutembea.

Ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Ningechomoa kishikio cha nyuma kilicho upande wa kiwiko changu na kukihamishia mbele, ubavuni mwa konso karibu na mguu wa abiria. Jaribu kwanza na mtu mwenye miguu mirefu amekaa, kwa kuwa kishikio hicho hula nafasi ya goti, na mkeo au mwenzako wa safari ana haki ya kulalamika. Ukisafiri peke yako, hakuna atakayelalamika, nawe utafikia chupa kwa mkono wa kushoto bila kujipinda, mbele ya mkono wa gia na mbali na kiwiko. Kile cha pili kitoe kabisa, ili usishawishike kukitumia ukiwa na haraka.

Kisha pima chupa yako. Kikopo cha soda cha mililita 330 kina upana wa sentimita 6.6, na vishikio vingi vimetengenezwa kwa kukifikiria hicho. Chupa ikiwa nyembamba zaidi itacheza na kugonga, na ikiwa nene itakaa juu juu bila kuzama. Ukipata ya chuma yenye upana kati ya sentimita 6.5 na 7, yenye kifuniko cha kuzungusha, umeshamaliza sehemu kubwa ya tatizo. Nafasi inayobaki izibe kwa kipande cha tyubu ya baiskeli: kikate kwa urefu, kigeuze upande laini uangalie ndani, na kukipachika kuzunguka ukuta wa kishikio bila gundi, ili ukichomoe na kukiosha. Raba ya kandambili ya zamani iliyokatwa duara inafaa kuwekwa chini, huzuia mlio na kunyonya mtikisiko. Chupa ya chai ya lita moja, ile ya kumiminia, iache kwenye buti ikiwa imebanwa na begi. Hakuna kishikio katika gari hili kinachoweza kuibeba, na ukiiweka kwenye kiti cha abiria, siku utakapofunga breki itaruka mbele kuliko wewe.

Vishikio viwili vya asili usivitupe, wala usivipake gundi ili visitikisike. Kile ulichokitoa kifunge kwenye kitambaa na ukiweke ndani ya kile kisanduku chenye kufuli, kwa sababu siku utakapotaka kuuza gari, mnunuzi anayelijua atafungua kisanduku hicho akikitafuta kabla hajauliza bei.